Kiuno, sukari na sinia la mama mkwe

Nilipata sukari ya mimba kwa mtoto wa pili. Baada ya kujifungua ikashuka, lakini kliniki waliniambia wazi kwamba mwanamke aliyewahi kuipata ana hatari kubwa ya kisukari baadaye. Nilipopima tena asubuhi kabla ya kula ilikuwa 6.4, kisukari chenyewe huanzia 7.0.

Muuguzi akatoa futi kamba kama ya fundi cherehani, akanipima kiuno, katikati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Sentimita 97. Kwa mwanamke, 80 ni onyo na 88 ni hatari kubwa. Mafuta ya makalioni hayana shida sana. Mabaya ni ya tumboni, yanayozunguka ini na kongosho na kuifanya insulini, homoni inayoshusha sukari, isifanye kazi vizuri. Jirani yangu Mhindi anaonekana mwembamba, lakini tayari anatumia dawa za sukari. Kwa watu wa asili yake, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 23 tu inatosha kumshtua daktari.

Mimi ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na ninakaa na mama mkwe. Kumwambia mkwe huutaki wali wake ni kutafuta vita, kwa hiyo sikukataa kitu. Ila kwenye sinia hujui umekula kiasi gani, basi nikaanza kujipakulia kwenye sahani, nikisingizia mtoto anamwaga. Nusu mchicha na kachumbari, samaki, wali kiasi cha ngumi. Mbaazi za siku za kazi nikazipika kwa tui la pili. Tui zito likangoja Ijumaa. Hamri moja, sio matatu. Chai bila sukari ndiyo iliyonitesa, nikaizidishia iliki na tangawizi mpaka ulimi ukazoea. Baada ya alasiri natembea kando ya bahari, Mama Ngina, na buibui langu na raba. Kukimbia siwezi, na sitaki.

Kiuno sasa ni 89, sukari 5.5.

Kilichokaribia kunishinda ni maneno. “Wifi, mbona umekwisha hivi? Kaka yangu hakupi matumizi?” Wengine wakanong'ona kuhusu ugonjwa ule. Wengi huachia hapo. Mimi nilimwomba mama mkwe anisindikize kliniki, naye akapimwa: presha 160 kwa 100. Sasa kopo la sukari analificha yeye, na wifi akija huambiwa chai ya nyumba hii ndiyo hiyo, anayetaka tamu akapike kwake.