Tafakari ya Juma: Kwa Ajili ya Mtu wa Benchi

Somo: Luka 16:10

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili tumtazame John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, yaani UCLA. Wanaoufuatilia mchezo huu wanalijua jina. Mataji 10 ya vyuo vya Marekani ndani ya misimu 12, kuanzia 1964 hadi 1975, saba kati ya hayo mfululizo. Mechi 88 bila kufungwa, mpaka chuo cha Notre Dame walipoikatisha safari hiyo Januari 1974 kwa pointi moja tu, 71 kwa 70. Wasioufuatilia huenda wamewahi kumsikia Kareem Abdul-Jabbar. Ni mchezaji wake huyo. Tena Wooden alikuwa mtu wa kanisa, shemasi na msomaji wa Biblia wa kila siku.

Mimi lakini nikiulizwa ushuhuda wake mkubwa uko wapi, nitarudi nyuma ya mataji yote hayo, mwaka ambao hakupata kitu.

Ni 1947. Vita imekwisha, Wooden ametoka jeshi la majini na anafundisha timu ya chuo cha ualimu cha Indiana State, mjini Terre Haute. Ana miaka 36. Timu inatwaa ubingwa wa ligi yake, kisha unakuja mwaliko wa kwenda Kansas City kwenye mashindano ya kitaifa ya vyuo vidogo. Kwa mtu aliyetoka juzi tu kufundisha sekondari, nafasi kama hiyo haiji kila siku. Sharti lilikuwa moja: mchezaji mweusi haingii uwanjani.

Wooden alikuwa na mchezaji mweusi mmoja, Clarence Walker. Na Walker hakuwa nyota wa timu. Alikuwa mchezaji wa akiba.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Hebu fikiri ni rahisi kiasi gani kulimaliza jambo hili. Wanaoanza mechi wote wapo. Walker hata akisafiri, muda mwingi atakuwa amekaa. Mwambie tu kwa upole abaki, mpe pole, mwahidi mwakani. Vijana wengine wamejituma msimu mzima, kwa nini waadhibiwe wao? Maneno haya hatuyashangai, maana kwenye vikao vyetu vya kanisa tunayasema, tena tukiwa tumeshafungua kwa sala: tusiwaangushe wengi kwa sababu ya mmoja. Kayafa naye aliona hivyo hivyo, kwamba yafaa mtu mmoja afe kwa ajili ya watu (Yohana 11:50). Alikuwa kuhani mkuu, si mhuni wa mtaani.

Wooden aliukataa mwaliko. Timu nzima ikabaki nyumbani na ubingwa wake wa ligi.

Mwaka uliofuata mwaliko ulikuja tena. Safari hii Walker aliruhusiwa kucheza, ila asilale hoteli moja na wenzake wala asionekane nao hadharani. Wooden akataka kukataa tena. Waliomsihi aende ni familia ya Walker pamoja na watu wa NAACP, chama kinachotetea haki za watu weusi: kijana akicheza, hata kwa masharti hayo ya kudhalilisha, wengine watapita nyuma yake. Kocha akawasikiliza. Napenda sana kwamba aliwasikiliza, maana mwenye msimamo mara nyingi huupenda msimamo wake kuliko mtu anayemtetea. Walikwenda, Walker akawa mchezaji mweusi wa kwanza kucheza mashindano yale, na fainali wakafungwa na chuo cha Louisville. Mwaka 1957 Tennessee A&I, chuo cha watu weusi, kilitwaa ubingwa wa mashindano hayo hayo, kikarudia 1958 na 1959.

Sasa turudi kwenye somo letu. "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Wahubiri wanaomtaja Wooden hupenda kuuambatanisha mstari huu na soksi. Ni kweli, siku ya kwanza ya mazoezi pale UCLA alikuwa anawaketisha vijana na kuwafundisha kuvaa soksi: vuta vizuri vidoleni, lainisha kisigino, pitisha mkono kuhakikisha hakuna mkunjo, ndipo ufunge viatu. Mkunjo huleta lengelenge, na mwenye lengelenge hafanyi mazoezi. Hata Abdul-Jabbar, ambaye vyuo vya nchi nzima vilikuwa vimemgombania, alianzia hapo. Na kabla UCLA haijapata ukumbi mpya mwaka 1965, kocha mwenyewe alikuwa akishika mopu na kupiga deki uwanja kabla ya mazoezi. Taji la kwanza lilikuja msimu wake wa 16.

Mahubiri hayo huishia hivi: kuwa mwaminifu kwa soksi, Mungu atakupa mataji. Siafiki. Msome Yesu hadi mstari wa 11 na 12 uone kama anazungumzia vikombe. Mwaka 1947 uaminifu katika lililo dogo ulimnyima Wooden kikombe, na Walker wa benchi ndiye aliyekuwa hilo dogo.

Wala tusimgeuze malaika. Miaka ya mataji kulikuwa na mfadhili tajiri aliyewapa wachezaji wa UCLA vitu kinyume cha kanuni, na chuo kikaja kuadhibiwa mwaka 1981, kocha akiwa ameshastaafu. Wapo wanaosema jicho lililoona mkunjo wa soksi lilipaswa kuliona na hilo. Wana hoja.

Msimu wa mashindano ya kwaya unakaribia kwenye sharika nyingi. Sare mpya zimeshonwa, nauli inachangishwa, na kila kwaya ina mtu ambaye hajamaliza kulipia. Mara nyingi ni sauti ya nyuma, haimbi solo, akikosekana wimbo utaenda tu. Kabla ya Jumapili mwulizeni mweka hazina wa kwaya jina lake. Kisha kamati ikae na kuamua, huku mwenyewe akiwepo na kusikilizwa, kama basi litaondoka bila yeye.