Tingmo ya Amala

Pale stendi ya Dharamshala, kaskazini mwa India, dereva wa teksi aliniambia rupia 300. Tulipofika juu McLeod Ganj ikawa 700: eti mvua, eti mizigo. Mizigo yenyewe begi moja la mgongoni. Nilibishana naye kwa Kihindi changu cha miaka miwili ya chuo, maji yakinitiririka shingoni, mwisho nikalipa kwa sababu begi langu alikuwa bado amelifungia kwenye buti. Mpaka leo pesa ile inaniuma.

Nilikuwa nimetoka Delhi kwa basi la usiku, kiti hakilali, magoti yamegota kwenye kiti cha mbele. Nilitaka kuuona mji anaoishi Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, tangu 1960, na milima ya Dhauladhar. Siku tatu mvua haikukatika hata saa moja. Milima sikuiona kabisa, na hekaluni niliingia mara moja tu, nimelowa chapachapa. Chumba kilikuwa rupia 900 kwa usiku, maji ya moto hakuna, blanketi linanuka uvundo.

Wenye nyumba walikuwa Watibeti. Mama wa nyumba, mzee wa miaka sabini hivi, kila mtu alimwita Amala, yaani mama, kwa heshima. Asubuhi ya pili alinikuta nimejikunyata kwenye ngazi kwa baridi. Nikamwamkia, "Tashi delek," naye akanishika mkono akaniingiza jikoni bila kuniuliza neno. Akanimiminia chai. Nikapiga funda kubwa nikitegemea sukari, kumbe chai yao ni ya siagi na chumvi! Nilimeza kwa adabu. Kikombe cha tatu nilikiomba mwenyewe.

Kando ya jiko palikuwa na bakuli lililofunikwa blanketi zito kama mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na unga wa tingmo, mkate wao wa kupika kwa mvuke: unga wa ngano alioukanda alfajiri kwa hamira, sukari kiduchu na maji ya vuguvugu. Kwa baridi ile hamira haina haraka, ulichukua zaidi ya saa mbili kuumuka. Alipofunua ulikuwa umefika ukingoni. Akausukuma ukawa mpana, akapaka mafuta, akanyunyiza chumvi, majani ya vitunguu na giligilani, kisha akaanza kuuviringisha kama mtu anayekunja mkeka.

Nikashindwa kukaa. Niliomba donge, nikalisukuma, nikapaka mafuta, nikaviringisha, halafu nikalizungusha likawa konokono, vilevile Bibi anavyokunja chapati kule Tanga. Amala akaacha kazi yake. Akaushika mkono wangu wenye unga, akaugeuza, akautazama kiganja.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu."

Akasema yeye alifundishwa na mama yake, hukuhuku India. Mwaka 1959 walivuka milima wakikimbia kwao Tibet, yeye akiwa na miaka minne, amebebwa mgongoni. Cha kwao anachokikumbuka ni moshi tu, moshi wa samadi ya yak, ng'ombe wao wa manyoya marefu, jikoni. Alisema hivyo huku akipanga madonge kwenye chombo cha matundu juu ya maji yanayochemka, akafunika, akanikataza kufunua.

Wakati mvuke unafanya kazi akakaanga kabichi, karoti na pilipili hoho kwa saumu na tangawizi, na pembeni viazi vya pilipili wanavyoviita shogo khatsa. Baada ya robo saa hivi tingmo zikatoka nyeupe, laini, ukivuta zinaachana tabaka kwa tabaka, katikati ya kila tabaka kuna kijani. Unachota mboga kwa mkate, mchuzi unaingia kwenye mikunjo. Konokono wangu alikuwa amefunguka kama ua. Amala alimchukua yule, akamla mwenyewe.

Desemba nikarudi nyumbani. Kwa joto la Tanga unga uliumuka kwa nusu saa ukafurika bakuli. Chombo cha matundu sina, nikaweka chujio la bati juu ya sufuria na kitambaa chini ya kifuniko, matone yasidondokee mkate. Ndani niliweka mchicha na karoti. Kosa langu ni mchicha: sikuukamua, tabaka za chini zikawa rojorojo. Bibi alipoona ule weupe akasema mkate haujaiva, nitawaumiza watu matumbo. Nikamkatia wa juu. Akauchambua kwa vidole, tabaka moja, ya pili, akala kimya mpaka ukaisha.

"Huyo mama wa watu," akaniuliza, "kwao atarudi lini?"

Nikamwambia hajui.

Akanyamaza kitambo, akijifuta mafuta ya vidole kwenye kanga. Kisha akasema kesho nikune nazi, tuukande kwa tui.