Mama Aliponiuliza Kuhusu Deedee

Jana usiku nilitazama The Turning Point pamoja na mama. Ni filamu ya mwaka 1977, na mimi nilikwisha kuiona mara mbili nikiwa peke yangu. Safari hii imeniamsha kabla ya alfajiri, ndiyo maana naandika kabla sijashika kazi nyingine yoyote.

Kwa asiyeijua: Deedee na Emma walikuwa marafiki wa chanda na pete katika kundi moja la baleti huko New York. Wote wawili walikuwa na kipaji, na wote waliitaka nafasi ya Anna Karenina katika onyesho jipya. Deedee akapata mimba. Akaolewa na Wayne, mcheza baleti mwenzake, wakahamia Oklahoma City, wakafungua shule ya dansi na kulea watoto watatu. Emma akabaki, akamcheza Anna Karenina, akawa nyota. Miaka mingi baadaye kundi linapita Oklahoma City likiwa ziarani, na Emilia, binti mkubwa wa Deedee, anaonekana na kualikwa kujiunga nalo. Huyo Emilia ndiye ile mimba.

Hapo ndipo filamu inaponishika. Wengi wakiizungumzia hubishana nani alichagua vema, aliyezaa au aliyecheza. Mimi siwezi kuitazama hivyo, kwa sababu mimi ndiye Emilia. Mama alikuwa mkimbiaji wa mita 800. Aliacha akiwa na miaka 22, na mimi nilizaliwa mwaka uleule. Hakuna aliyewahi kunisimanga kwa hilo. Hesabu niliifanya mwenyewe nikiwa na miaka 10, na tangu siku ile nimekuwa nikimchunguza mama kimyakimya. Hata leo tukitembea yeye hutangulia, na tukifika hutazama saa kabla hajakaa.

Leslie Browne, anayeigiza Emilia, alikuwa mcheza baleti kweli, binti wa miaka 20 hivi. Kisa chenyewe kimechotwa kwa sehemu kubwa katika familia yake. Wazazi wake walikuwa wacheza baleti, kisha wakaenda kuishi Arizona na kufungua shule ya dansi. Mama yake wa ubatizo alikuwa Nora Kaye, nyota mkubwa wa American Ballet Theatre na mke wa Herbert Ross, mwongozaji wa filamu hii. Tena nafasi ile ilikusudiwa Gelsey Kirkland. Alipojitoa, ndipo akaitwa Leslie. Basi mtoto wa watu akasimama mbele ya kamera na kuigiza kwamba yeye ndiye sababu. Nawaza zile siku za kurekodi, anakaa pembeni akisubiri zamu yake, huku mwigizaji mashuhuri akiutoa mdomoni uchungu unaofanana na wa mama yake mzazi. Mimi ningekimbia.

Uchungu wenyewe unatoka wote katika tukio moja kuelekea mwisho. Deedee (Shirley MacLaine) na Emma (Anne Bancroft) wanaanza kwa maneno, kinywaji kinamwagwa usoni, na kufumba na kufumbua wako nje, kwenye uwanja wa Lincoln Center, kituo cha sanaa za jukwaani huko New York, usiku, wanapigana kwa mikoba na makofi, wanawake wazima wawili waliovaa nguo za hafla. Deedee anamrushia Emma jambo alilolifungia moyoni miaka yote: kwamba Emma ndiye aliyemshauri azae, akijua mimba ile itamwachia yeye Anna Karenina. Na Emma, akibanwa, hakani. Halafu ghafla wanaanza kucheka, wakicheka hadi wanashikana ili wasianguke. Mara mbili za kwanza nilidhani kile kicheko ni suluhu. Jana nilimwona mama hacheki. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono katikati ya magoti.

Mapenzi ya Emilia na Yuri hayanigusi sana, nakiri. Yuri ni Mikhail Baryshnikov, aliyeikimbia Urusi ya Kisovieti akiwa Kanada mwaka 1974, na anapocheza kila kitu kingine kinasimama. Akianza kubembeleza wasichana naona filamu inapoteza muda. Ila Bancroft ananitesa. Hakuwa mcheza baleti, kwa hiyo kamera inamchukua zaidi shingo, mikono na uso, na usoni ndimo kilimo kila kitu. Kuna pale mtunzi kijana anapotengeneza dansi mpya, na Emma anaelewa kwamba haikutengenezwa kwa ajili ya mwili wake. Hapigi kelele. Nilimsikia mama akivuta pumzi. Mkimbiaji naye hufika siku hiyo; mwili hutoa tarehe bila kumwuliza mwenyewe amezaa au hakuzaa.

Ilipokwisha, nilitaka kusema neno lolote la kuvunja kimya, nikamwambia filamu hii iliteuliwa kuwania tuzo 11 za Oscar na ikatoka mikono mitupu.

“Hata moja?”

“Hata moja, mama. MacLaine na Bancroft wote wawili waliwania ile ya mwigizaji bora wa kike, wakashindwa.”

“Lakini fainali waliingia,” akasema. Kisha akaniuliza, “Yule Deedee, alikuwa mzuri kweli?”

Sikuwa na jibu. Kumbe ndilo swali lililonipita mara zote. Filamu haiturudishi nyuma tumwone Deedee akicheza enzi zake. Tunamwona jikoni, tunamwona akifundisha, tunamwona akimtazama bintiye kutoka pembeni mwa jukwaa. Anawapenda watoto wake, hilo halina shaka hata kidogo, na hakuna dakika anayotamani wasingekuwepo. Kinachomla ni kwamba hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe, kama ile nafasi angeipata kwa haki mbele ya Emma. Nimeishi miaka 30 na kitu nikidhani mama anaomboleza maisha ambayo mimi niliyazuia. Sikuwahi kufikiri kwamba labda alitaka tu kujua muda wake.

Kwa hiyo nikamwuliza. Sijui nilipata wapi ujasiri. Katika nyumba yetu jambo hilo halitajwi.

“Mama, wewe ulikuwa mzuri kweli?”

Hakukawia kujibu, kana kwamba namba ilikuwa imekaa mdomoni siku zote ikingoja mtu wa kuiuliza. Dakika mbili, sekunde tisa nukta nne. Akanieleza mbio zile hatua kwa hatua: alivyobanwa ndani kwenye kona ya kwanza, alivyowaacha waongoze hadi kengele ya mzunguko wa mwisho, alivyotoka nje zikiwa zimebaki mita 200, na namna miguu ilivyokuwa mizito kuliko alivyoizoea. Alishika nafasi ya pili. Kwa wiki mbili alijilaumu kwa ule uzito, akidhani amefanya mazoezi kupita kiasi, hadi alipokwenda kupimwa.

“Kumbe nilikuwa nimekubeba,” akasema, akainuka kwenda kulala.