Kutoka Mbezi Luis hadi nguzo za Isimila, na mama mwenye magoti mabovu

Mabasi ya Mbeya na Songea yanayotoka Mbezi Luis, kituo cha mabasi cha Dar, yanapita karibu kabisa na Isimila, eneo la zana za kale za mawe na nguzo za udongo karibu na Iringa, na abiria wengi hawageuzi hata shingo. Mimi nimepita hapo miaka mingi nikienda kwetu Makambako. Safari hii nilikwenda kwa ajili ya Isimila yenyewe, tena na mama, ambaye magoti yanamsumbua. Naandika kwa sababu huku Dar watu huamini kwamba pale hufiki bila gari la kukodi na kampuni ya utalii. Unafika.

Tulipanda basi la alfajiri linaloishia Iringa. La Mbeya lingetushusha barabarani jua likizama, na mizigo mkononi, jambo ambalo sikulitaka kwa mtu mzima. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, kwa hiyo ukubali kuwa siku nzima ni ya njia. Lakini njia yenyewe ina vya kuona: wanyama wa Mikumi kandoni mwa lami, vitunguu na mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, kisha kona za Kitonga ambako malori yanapanda kwa kutambaa. Tulipofika Lugalo nilimwonyesha mama upande ulipo mnara wa vita vya Agosti 1891, Wahehe walipolishinda jeshi la Wajerumani.

Tulilala mjini. Iringa ina baridi, hasa Juni na Julai, na sweta la Dar halitoshi. Asubuhi nilipatana na kijana wa bajaji atupeleke, atusubiri, aturudishe. Ni kama kilomita 20 kwa barabara ya Mbeya. Mwenye miguu mizima apande daladala za kwenda Ifunda, ashuke njia panda na kumalizia kwa mguu.

Getini nilimwambia mwongozaji mapema kuhusu magoti ya mama. Hilo ndilo lililotuokoa, maana alipanga matembezi yote kwa kumfuata yeye. Alimsalimia, "Shikamoo mama, kamwene," na mama akacheka kwa furaha. Tulianza na makumbusho madogo, halafu sehemu zilipolala zana za mawe. Mwaka 1951 msafiri kutoka Afrika Kusini aliziokota zana hapa, na mwaka 1957 na 1958 Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago akaongoza uchimbaji. Kipimo cha mifupa kilichotolewa baadaye kilikadiria miaka 260,000 hivi. Zipo shoka za mkono ambazo ukizitazama unaona kabisa mtu alikaa, akapiga jiwe upande huu, akaligeuza, akapiga upande wa pili. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kisha korongo lenye nguzo. Mteremko una changarawe inayoteleza, na hapo tulitumia akili: mama alivaa raba zenye meno, akashika fimbo, mwongozaji mbele yake akimpa bega, mimi nyuma. Tulipumzika kila alipotaka. Hakuna aliyemharakisha.

Chini unasimama katikati ya minara ya mchanga na udongo ulioshikamana, rangi ya kutu na maziwa, mingine mirefu kuliko nyumba ya ghorofa moja. Mwongozaji alieleza kwamba zamani hapa palikuwa na maji yaliyotulia, matope na mchanga vikajipanga tabaka juu ya tabaka. Maji yalipoondoka, mvua na kijito vikaanza kuchimba. Palipo na tabaka gumu juu, udongo wa chini yake ulikingwa. Pasipo na kinga, umeliwa. Mama akasema, "Si kama chini ya upenuni kwetu?" Ni kweli. Nyumba isiyo na mfereji wa bati, matone hula udongo pembeni, na kila kokoto linabaki limekaa juu ya kijinguzo chake. Sikuwahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Kwa sababu hiyohiyo, msiende masika. Maji yanayochonga nguzo hupita humohumo mnamotembea. Kati ya Juni na Oktoba korongo ni kavu, na asubuhi mwanga unaingia vizuri kabla jua halijawa kali. Bebeni maji ya kunywa.

Na tafadhali, msipande nguzo wala kuchora majina. Ule si mwamba wa Mwanza. Ukikwaruza kwa ufunguo unamomonyoka, na hakuna fundi wa kuurudisha. Iliniuma kuona alama za watu kama sisi, waliotoka mbali kuja kuharibu walichokuja kuona.

Mchana tulikuwa na nafasi, bajaji ikatupitisha Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe waliopigana na Wajerumani, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Pale hapana mteremko, mama aliingia mwenyewe. Tiketi za kurudi Dar nilikata jioni hiyo, viti vya mbele, maana nyuma ya basi kunarusha na magoti yalikuwa yamefanya kazi ya kutosha.