Kocha wangu hajawahi kunipa mtaji

Watu wakisikia kuna mtu ananisimamia kwenye biashara, swali la kwanza huwa "alikupa shingapi?" Hajanipa hata mia jamani. Na bado nasema bila yeye hii biashara ingekuwa ileile ya kupika sufuria mbili na kuomba Mungu ziishe.

Mi napika chakula cha mchana napeleka maofisini, hapa mjini Dodoma na kule Mtumba, Mji wa Serikali. Yeye ni mama mmoja mhasibu mstaafu, kafanya kazi serikalini mpaka kastaafu, saivi yuko kwake Area C anafuga kuku, tulifahamiana kanisani. Jumamosi jioni naenda na daftari langu. Kabla hajalifungua anataka kujua kwanza nimelala vizuri wiki hii, watoto wanaendeleaje, yule binti anayenisaidia kapona malaria, akisharidhika ndo anavaa miwani na kusema haya lete.

Siku moja akasema tuivunje sahani. Wali kuku nauza 5,000, sasa tuandike kila kitu kilichomo, mchele, kuku, mafuta, gesi, kontena, bodaboda, mshahara wa binti, alafu akauliza "na wewe mwanangu unalipwa shingapi?" Pale tulikaa sana, maana yeye anaamini mwenye biashara akijisahau kwenye hesabu basi faida anayoiona ni jasho lake mwenyewe linamrudia. Tukamaliza, sahani ya mjini inabaki na kama 1,100, ya Mtumba inabaki na 400. Bodaboda ndo anakula. Mtu mwingine angeniambia achana na Mtumba, yeye akauliza tu, "wateja wako wa kule wamekaa majengo gani?" Nikaenda nikaangalia, kumbe wengi majengo yao yanafuatana, basi nikaweka mwisho wa oda saa nne asubuhi, bajaji moja inabeba zote inashusha jengo kwa jengo. Wazo limetoka kwangu, kwa hiyo hata likinisumbua nalitetea, silikimbii.

Na hapa ndo kwenye kiini chenyewe. Kuna ofisi moja ilikula chakula cha semina, siku zikapita, hela hamna. Kila nikipiga simu naambiwa subiri, na mi kumdai mtu mzima mwenye cheo naona haya. Mama hakuwapigia simu yeye kwa niaba yangu, ingawa anawajua watu. Tulifanya mazoezi sebuleni kwake, yeye akawa ndo bosi wa ile ofisi, ananikatiza, anajifanya yuko bize na simu, ananiambia "dada njoo wiki ijayo", na mi naambiwa nisiombe radhi, nitaje namba ya ankara, tarehe, kiasi, alafu ninyamaze. Nilirudia mpaka sauti ikaacha kutetemeka. Akanielekeza pia kwamba mwaka wa fedha wa serikali unaisha 30 Juni, hivyo madai yote yawe yameshafika na yana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla mafungu hayajafungwa, maana ukivuka kwenda Julai unaingia kwenye mambo ya madeni ya mwaka uliopita na hapo utasota. Nilienda, nikasema, nikalipwa. Oda kubwa saivi naanza na barua na malipo ya awali, na nimejisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali mtandaoni, ili hata zabuni ndogo zikitangazwa nisiwe mtazamaji.

Msimu nao. Kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Juni Bunge la bajeti linakuwa limekaa, mji unajaa, kila anayepika anauza. Watu wengi wanaongeza vyombo na wasaidizi mwezi wa tano, mwezi wa saba mji unapumua wanabaki wanaviangalia. Swali la mama ni moja kila mwaka, "Bunge likiahirishwa unamuuzia nani?" Nilipotaka kuingia kwenye kikundi tuombe ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, hakunizuia, alitaka tu nimwonyeshe kwenye daftari hiyo hela itanunua nini na hicho kitu kitailipaje mwezi wa saba.

Hata wakubwa wanafanya hivi. Eric Schmidt alivyoingia kuongoza Google 2001 akaambiwa achukue kocha, mwanzoni akaona wa nini, baadae akawa anawashauri wengine wawe naye. Kocha wake alikuwa Bill Campbell, ambaye kabla ya biashara alifundisha mpira wa Kimarekani chuo cha Columbia, na Steve Jobs pia alikuwa akimtegemea sana.

Ila muwe makini na hawa wanaojiita makocha wa mafanikio mitandaoni, picha pembeni ya gari, kiingilio laki kadhaa, unatoka ukumbini umepata moto wa siku mbili. Mtu wa kukukuza ataomba kuona daftari lako. Asipoliomba, mi naondoka.

Na Dodoma hii tuna bahati ambayo hatuitumii, mji umejaa wastaafu, wahasibu, maafisa ugavi, maafisa biashara, walimu, wako Kisasa, Ipagala, Nkuhungu wanamwagilia bustani, miaka thelathini ya kujua ofisi inavyolipa iko kichwani mwao na hakuna anayewauliza. SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, nao wapo kwa mafunzo na ushauri, nendeni. Lakini huyo jirani yako mstaafu mpigie hodi, shikamoo kwanza, usiende na shida ya hela, nenda na daftari hata kama limechafuka mafuta, na swali moja tu ambalo limekunyima usingizi wiki hii.