Karatasi juu ya Vidole

Juzi usiku mtu niliyesoma naye Usagara, kule Tanga, aliniandikia bila hata salamu: "Yule daktari wenu wa homoni bado yupo Dar? Sukari ya mzee imegoma kushuka." Nikamtumia namba ya kliniki. Usingizi ukakatika hapohapo, nikabaki namuwaza Mama Mkubwa na ule mwaka aliokuwa mshitakiwa nyumbani kwake mwenyewe.

Maana ilikuwa kesi hasa. Mwaka 2018 sukari yake ya asubuhi kabla ya kula, ambayo kwa miaka ilikuwa ikicheza kwenye 7 na 8, ilipanda ikakaa kwenye 14, siku nyingine 16. Vidonge vyake vya sukari, metformini, vikaongezwa mpaka kipimo cha juu. Ikafuata insulini, asubuhi na jioni. Wapi! Na kwenye daftari lake la kliniki kila mwezi ukaandikwa mstari uleule: aelimishwe kuhusu chakula. Akaelimishwa. Wifi yangu akafungia sukari kabatini, halua ikapigwa marufuku, na Ramadhani ilipoingia tende za kufuturu alihesabiwa. Mjukuu wake wa miaka saba akapewa kazi ya upelelezi, bibi kala nini leo, na mtoto yule kwa pipi moja alikuwa tayari kutoa ushahidi wowote.

Mwenyewe alikana. "Nimekula mlichonipa."

Huku akikonda. Tukasema ni sukari, na si uongo, sukari ikipanda hukondesha. Akitoka jasho usiku, tukasema insulini imemshusha mno. Moyo ukimwenda mbio, ni mawazo. Mikono ikitetemeka, ni umri, na tena hali chakula vizuri siku hizi. Hakuna dalili iliyokosa jibu.

Aliyeshtuka alikuwa fundi cherehani wetu wa Ngamiani. Tulimpelekea kitambaa cha Idi, na yeye vipimo vya Mama Mkubwa anavyo kwenye daftari tangu mimi niko shule ya msingi. Akamzungushia tepu, akaandika, akafunua ukurasa wa zamani, akapima upya. "Mama, kifua kimepungua, kiuno kimepungua. Shingo imeongezeka. Mtu anakondaje mwili, shingo inanenepa?"

Hapo ndipo simu zilipoanza. Daktari wa sukari kila mtu alikuwa naye, ila wa homoni hakuna aliyejua ndiye nani. Mmoja alitutuma kwa daktari wa uzazi, kwa kuwa homoni kwake ni mambo ya kina mama. Binamu wa Moshi akavutia hospitali ya kwao, KCMC, binamu wa Dar akavutia Dar, wakanuniana kidogo. Mabingwa wa fani hiyo nchini ni wachache, hata leo. Aliyetuokoa ni nesi mstaafu wa Makorora. Alituambia tusitafute "daktari wa homoni", tuulize bingwa wa magonjwa ya ndani aliyeongeza masomo ya kisukari na tezi, ndipo mtu wa mapokezi atatuelewa. Na kweli, kwa swali la kwanza tulikuwa tumeambiwa hayupo. Kwa swali la pili, hospitali ileile, tukapewa siku.

Barua ya rufaa, basi, Segera, Chalinze, foleni ya kuingia mjini, benchi la kusubiri. Hayo mnayajua.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, Mama Mkubwa alidhani ni nesi. Akasimama kutupokea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akampa mkono, na hakuuachia. Akaushika kwa mikono yote miwili, kama watu waliopoteana siku nyingi, na mimi nikadhani ni adabu tu za malezi yake. Kumbe anapima joto na jasho la kiganja. "Bibi, unasikia joto sana siku hizi?" Mama Mkubwa akamwambia, mwanangu, hii ni Dar, nani hasikii joto? Wakacheka. Daftari letu la kliniki, nene, lilikuwa mbele yake mezani. Hakulifungua.

Akamwomba alegeze khanga shingoni, akampa glasi ya maji. "Weka mdomoni, usimeze mpaka nikwambie." Akazunguka nyuma ya kiti, akaweka vidole pande mbili za koo. "Meza." Nikakiona. Kitu chini ya ngozi kilipanda pamoja na funda la maji, kikashuka taratibu mahali pake. Mwanamke huyu amenilea, nimelala kwenye mapaja yake, na shingo ile sikuwa nimewahi kuitazama ikimeza.

"Sasa nyoosha mikono mbele, bibi. Tandaza vidole." Akanigeukia mimi: "Dada, nizimie pangaboi."

Nikazima. Chumba kikawa kimya, ikabaki sauti ya watu wa nje wakiitwa majina. Daktari akachukua karatasi ya kwanza aliyoiona mezani, akailaza juu ya vidole. Ilikuwa barua yetu ya rufaa, ile yenye muhuri, iliyosema mgonjwa hafuati masharti ya chakula. Kwa sekunde moja ilitulia. Kisha pembe zake zikaanza kucheza, harakaharaka, mtetemo mdogo ambao kwenye mkono mtupu usingeuona, na karatasi ikatoa sauti yake nyembamba bila upepo wowote. Mama Mkubwa aliitazama kwa mshangao, kana kwamba vidole ni vya mtu mwingine. Akakaza mikono iache. Ikazidi.

"Bibi," daktari akasema, "nani amekwambia hufuati masharti?"

Mama Mkubwa akanitazama mimi. "Wote."

Majibu ya damu yalikuja baadaye: TSH, homoni inayoiamrisha tezi na ambayo hushuka tezi ikizidisha kazi, ilikuwa 0.01, na kwa mtu wa kawaida haiteremki chini ya kama 0.4 hivi. Tezi ya shingo ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Daktari alieleza kwamba homoni yake ikizidi, ini humwaga sukari kwenye damu hata kama mtu amefunga, na insulini anayochoma haidumu. Akaandika karbimazoli ya kuituliza tezi, na propranololi ya kutuliza moyo. Alitukaza kwa jambo moja: akipata homa au koo likimuuma, aache karbimazoli na akapimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo. "Msimpe tangawizi na asali mkasubiri." Alitujua watu wa Tanga.

Ilichukua miezi. Tezi ilipotulia, insulini ikabidi ipunguzwe kidogokidogo isije ikamwangusha, na kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kikashuka kutoka asilimia 11 hadi 7.4. Kisukari chenyewe hakikuondoka, hilo wifi yangu alilishangilia kuliko inavyostahili.

Sasa huyu mwenzangu nimwambie nini zaidi ya namba ya simu? Sukari nyingi zinazogoma hazina tezi nyuma yake. Huenda mzee wake anakula kweli. Na aliyeandika aelimishwe alikuwa na umati mlangoni, kwa wengi wao huenda mstari ule ulikuwa sahihi. Nimeanza kumwandikia "mtazame shingo", nikafuta, nikaona nitamtisha bure.

Siku tuliyokuwa tunarudi, basi liliposimama Muheza, wauza machungwa wakajaa madirishani. Mama Mkubwa akanunua fungu zima, akaomba na kisu, akaanza kumenya bila kumtazama mtu. Mimi nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Mama Mkubwa, nikuulize kitu. Lile bati la halua la mwezi wa Shaabani, lililokutwa tupu chini ya kitanda..."

Akamaliza kumenya, akalikata chungwa mapande mawili, moja akanipa.

"Majibu ya daktari unayo hapo?"

"Ninayo."

"Basi yatunze."