Inhela inayosubiri pumzi yako

Huku Uyole, Mbeya, baridi ya mwezi wa sita na wa saba ikishika, jiko la mkaa lipo ndani na madirisha yamefungwa, wenye pumu tunajuana tu kwa kukohoa. Wengi tuna ile inhela ya bluu ya salbutamol, dawa ya kufungua kifua, mfukoni na kuibonyeza tunajua. Shida jamani ni kubonyeza saa ngapi.

Maana ile dawa inachomoka kwa kasi sana, ukiwahi kabla hujaanza kuvuta inagonga ulimi na koo basi imeishia hapo, ukichelewa mapafu yashajaa hewa. Hata ukipatia, nyingi inabaki kooni. Sasa mtu kifua kimembana, anahema juu juu, eti mkono na pumzi viende pamoja, wapi na wapi.

Na sio shida ya jana. Inhela za kubonyeza zimeanza kuuzwa Marekani 1956, baadae zikaja zinazojifyatua zenyewe ukianza kuvuta, hizo ni springi tu hamna umeme. Miaka ya 90 kampuni ya Aradigm ya California ikaleta SmartMist, hii ilikuwa na kikompyuta ndani kilichopima hewa inaingia kwa kasi gani na umeshavuta kiasi gani, vikikaa sawa ndo ilikuwa inafyatua.

Ila iliyonikosha mimi ni nebulaiza ya I-neb, yani mashine ya kugeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta. Kama umewahi kuwekewa ile ya kawaida unajua, mashine inanguruma, mvuke unatoka tu, unavuta unatoka, unatoa pumzi bado unatoka, yani dawa inaenda kutibu dari. I-neb inasoma pumzi zako tatu za mwisho, inajua wewe unavuta kwa muda gani, halafu inapuliza mwanzoni mwa kuvuta tu na kuelekea mwishoni inaacha, kwasababu kinachoingia mwisho hakifiki chini, unakitoa palepale. Ukibadili pumzi nayo inabadilika, dozi ikiisha inalia. Hiyo ndo akili sasa!

Nikamsimulia mama mdogo, anauza parachichi Mwanjelwa na ana pumu kunizidi. Akacheka, "Mwanangu, hiyo inachajiwa na umeme gani, huu huu unaokatika?" Yeye anatumia chupa ya maji ya nusu lita, imetobolewa kitako kwa saizi ya mdomo wa inhela na kuzibwa na gundi pembeni. Unabonyeza inhela dawa iingie ndani, inapungua kasi, matone makubwa yanaganda kwenye chupa, yale madogo unayavuta taratibu kwa pumzi zako mwenyewe.

Na msimcheke. Watafiti wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa na pumu, ikachapishwa kwenye jarida la Lancet 1999, chupa iliyozibwa vizuri ilifungua kifua sawa na spesa ya dukani (chombo kinachouzwa cha kazi hiyo hiyo ya chupa), isiyozibwa ilikuwa nyuma kidogo, kikombe cha plastiki ndo kilishika mkia. Kwahiyo gundi sio urembo.

Mi naona hivi, chupa haipangi muda wowote, inafanya muda usiwe na maana, ndo maana kwa salbutamol ya kila siku nabaki nayo. I-neb ningependa niikute wodini, pale mtu amechoka hata kushika inhela hawezi na dawa ya kumwagia dari hamna.